Thomas Midgley: mutu aliyetia risasi katika esansi, akaacha gazi katika matela

Ukiingia katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma ao Lubumbashi, utakuta vitu viwili ambavyo hakuna mutu anauliza vilitoka wapi: matela ya sponji chumbani, na frigo, kama si ya nyumbani basi ya nganda ya jirani. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilitengenezwa kwa musaada wa gazi za jamaa moja, zenye kuitwa CFC. Gazi hizo haziwaki moto, hazinuki vibaya, na mutu akivuta kidogo haanguki. Lakini ndizo ziliharibu ozoni, ule utando wa hewa ya juu sana wenye kutukinga na miale mibaya ya jua.

Aliyezitoa katika labo na kuzifanya kuwa kitu cha biashara ni injenieri mumoja wa Marekani, Thomas Midgley. Mbele ya hapo, mutu huyohuyo alikuwa amekwisha kufanya esansi ya magari ichanganywe na risasi, ile madini nzito yenye sumu. Kazi mbili hizo zilimuletea medali, feza na heshima. Leo jina lake linatajwa kwa huzuni katika masomo ya mazingira. Lakini makosa yake mawili hayako sawa, na ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa polepole.

Mutoto wa mafundi

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika muji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, lakini alikomalia Columbus, jimbo la Ohio. Nyumbani kwao kuvumbua vitu kulikuwa kama vile kulima kwa watu wengine. Baba yake alikuwa anatafuta namna mupya ya kutengeneza pneu za magari. Babu yake wa upande wa mama alijulikana kwa kuvumbua musumeno wenye meno ya kuondoa na kurudisha. Mutoto alikula chakula mezani pamoja na habari za mitambo.

Alisomea mambo ya mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza mwaka wa 1911. Hakusomea kemia. Jambo hili linashangaza wengi, maana vitu vyote vilivyomupa jina ni vya kemia. Mwaka huohuo alioa, akaanza kazi Dayton, muji wa Ohio uliojaa viwanda. Mwaka wa 1916 aliingia katika labo ya Charles Kettering, yule fundi mukubwa aliyetengeneza mutambo wa kuwashia gari kwa umeme, ili watu waache kuzungusha manivela kwa mukono. Kettering akawa mukubwa wake wa kazi, mwalimu wake na rafiki yake mupaka mwisho. Labo ile, kiisha muda, ilimezwa na kampuni ya magari ya General Motors.

Makelele ndani ya mutambo

Kazi ya kwanza kubwa aliyopewa ilikuwa kutafuta sababu ya makelele. Motere za siku zile zilikuwa zinapiga kama nyundo zikipandisha mulima. Esansi ilikuwa inalipuka ndani ya silinda mbele ya wakati wake, motere inakosa nguvu, na vyuma vinaharibika. Kettering alifikiri labda esansi ikiwa na rangi nyekundu ingepokea moto muzuri zaidi. Midgley alienda kutafuta rangi, hakupata, akachukua iyode kwa sababu nayo inatia rangi. Makelele yakapungua. Kisha akatafuta rangi nyingine nyekundu, akajaribu, na hapo hakuna kilichobadilika. Basi si rangi ilisaidia, ni iyode yenyewe. Wazo lilikuwa la uongo, lakini lilifungua mulango wa kweli.

Iyode ilikuwa ya bei kali na ilikuwa inakula vyuma. Kwa miaka kadhaa yeye na wenzake walijaribu dawa nyingi, moja baada ya ingine. Moja ilitengenezwa kwa telurio, ikanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Harufu iliingia katika nguo na katika ngozi yao, wakioga haitoki. Mwishowe Midgley alianza kufuata ile tabo ya elementi za kemia kama mutu anayefuata karte ya barabara, akishuka safu kwa safu kuelekea elementi nzito. Ile barabara iliishia kwa risasi. Tarehe 9 Desemba 1921 walitia dawa moja yenye risasi katika motere ya majaribio, matone kidogo tu, na motere ikanyamaza. Mwezi wa Februari 1923, esansi yenye dawa hiyo ilianza kuuzwa Dayton kwa jina la Ethyl. Katika jina hilo neno risasi halikuonekana.

Hapa ndipo maisha ya Midgley yanaanza kuuma. Watu walikuwa wanajua kwamba risasi ni sumu tangu zamani za Waroma. Tena kulikuwa dawa ingine: alkoli, ile yenye kutoka katika muhindi ao miwa. Midgley mwenyewe alikuwa ameijaribu na kuisifu. Lakini alkoli, mukulima yeyote angeweza kuipika, na hakuna kampuni ingeweza kusema ni yake peke yake. Dawa ya risasi ilikuwa na mwenyewe, na kila litre iliyouzwa ilimurudishia feza.

Wafanyakazi wa Bayway

Mwanzoni mwa 1923 Midgley mwenyewe aliugua kwa sababu ya mivuke ya risasi. Ilibidi aache kazi, aende Florida kutafuta hewa safi na joto. Akarudi kazini, na mipango ikaendelea. Mwaka wa 1924 kampuni ya General Motors na kampuni ya mafuta Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni moja ya kuuza dawa hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu ambavyo haviko. Wengine walipiga makelele, wengine wakapigana na hewa, wakafungwa kwa nguvu ili wasijiumize. Watano walikufa kwa siku chache na makumi wengine wakalazwa. Dayton pia wafanyakazi walikuwa wamekufa. Deepwater, kiwanda kingine cha New Jersey, wafanyakazi walikuwa wanafukuza kwa mikono wadudu wasioonekana, mupaka nyumba ile ikaitwa nyumba ya vipepeo.

Tarehe 30 Oktoba 1924, Midgley alisimama mbele ya wandishi wa habari New York. Alinawa mikono na ile dawa, kisha akavuta mivuke yake kwa muda wa karibu dakika moja, ili kuonyesha kwamba haina shida. Ni mutu ambaye mwaka mumoja na nusu mbele alikuwa kitandani juu ya kitu hichohicho. Anayetaka kumutetea Midgley anaweza kumutetea kwa mambo mengi, lakini siku hiyo haina mutetezi.

New York, New Jersey na Philadelphia zilikataza esansi ile. Mwezi wa Mei 1925 kukawa mukutano Washington. Daktari Alice Hamilton, mwanamuke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mutaalamu mwenye kujua magonjwa ya viwandani kuliko wengi, alionya kwamba risasi itasambaa barabarani pamoja na moshi. Kuuza kulisimama kwa muda. Kiisha, komite moja ikasema haikuona sababu ya kutosha ya kukataza, na mwaka wa 1926 esansi ya risasi ikarudi sokoni. Ilikaa huko karibu miaka mia moja. Inchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwishoni mwa 2005. Algeria, inchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya barabarani, iliiacha katikati ya 2021. Katikati ya tarehe hizo, watoto wa vizazi vinne walivuta risasi, nayo inaharibu ubongo wa mutoto.

Siku tatu za kutafuta gazi

Kazi ya pili ilianza kwa nia safi kabisa. Frigo za miaka ya 1920 zilikuwa zinatumia gazi za kuua: amonia, gazi ya kiberiti, na ingine yenye kuitwa metili kloridi. Bomba likitoboka usiku, watu walikuwa wanaweza kukufa wakiwa wamelala. Mambo kama hayo yalitokea katika miji kama Chicago. Wengine walikuwa wanaweka frigo inje ya nyumba juu ya woga. Kampuni ya Frigidaire ilikuwa ya General Motors, na bila gazi salama biashara yake haingekua.

Mwaka wa 1928 Kettering alimupa Midgley kazi hiyo. Akakaa na wenzake wawili, Albert Henne na Robert MacNary, wakarudia ileile tabo ya elementi. Waliona kwamba elementi zenye kufaa ziko upande mumoja, na kwamba fluorini, ambayo watu wengi walikuwa wanaiogopa, ikishikana sana na kaboni, inatulia kabisa. Kwa siku tatu walikuwa wamekwisha kupata njia.

Ili kutengeneza gazi ya kwanza walinunua chupa tano ndogo za dawa yenye antimoni. Walichukua moja bila kuchagua, wakatengeneza gazi kidogo, wakaiweka chini ya kioo pamoja na dende mumoja. Dende aliendelea kupumua kama kawaida. Walipotumia chupa ingine, dende wa pili akakufa. Walipochunguza, wakakuta kwamba katika zile chupa tano ni moja tu ilikuwa safi. Zile zingine nne zilikuwa na uchafu wenye kutoa fosjeni, gazi iliyotumiwa kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kama bahati ingewapa chupa mbaya mara ya kwanza, labda wangeacha kila kitu siku ileile.

Mwezi wa Aprili 1930, Atlanta, mbele ya Chama cha Wanakemia wa Marekani, Midgley alijaza mapafu yake na gazi hiyo, kisha akaipulizia polepole juu ya mushumaa. Mushumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alionyesha mambo mawili: haiui na haiwaki. Safari hii hakudanganya mutu. Gazi ile ilikuwa kweli salama kwa mwenye kusimama karibu nayo. General Motors na Du Pont zikaunda kampuni ya kuitengeneza, ikauzwa kwa jina la Freon.

Namna gazi iliingia katika sponji

Midgley hakutengeneza matela. Sponji ya poliuretani ina baba mwingine, Mujerumani Otto Bayer, aliyegundua kemia yake Leverkusen mwaka wa 1937. Lakini bila gazi za Midgley, sponji hiyo isingekuwa vile dunia iliijua.

Kazi yake inafanana na kuumua mukate. Unachanganya dawa mbili za maji: moja inaitwa polioli, ingine isosianati. Zikikutana zinashikana, zinakauka, na zinatoa joto kali. Ili zivimbe, lazima kuwe kitu cha kuzitia matundu ndani kama hamira. Maji kidogo yanaweza kufanya hivyo, kwa sababu maji na isosianati vinatoa gazi ya karboniki, ileile ya soda. Lakini maji yakizidi, mambo mawili yanakuwa mabaya: sponji inakuwa ngumu, na joto linapanda sana. Katikati ya bloku kubwa ya sponji, joto halina pa kutokea. Bloku inaweza kuungua kutoka ndani, na depo nzima ikawaka usiku wakati wafanyakazi wamekwisha kurudi nyumbani.

Hapo ndipo CFC-11 ilipendwa. Ni ndugu ya gazi ya frigo, lakini inachemka kwenye digri karibu 24, yaani joto la chumba. Ukiitia katika ule muchanganyiko, joto la dawa linaichemsha, inakuwa mapovu, na sponji inavimba ikiwa laini. Tena, kwa kuchemka, inachukua joto na kupoza bloku. Katika sponji ngumu ya ukuta wa frigo faida ilikuwa kubwa zaidi: gazi inabaki imefungwa ndani ya matundu, nayo inapitisha joto kidogo kuliko hewa. Ukuta mwembamba ulitosha kulinda baridi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 viwanda vya matela, viti vya magari na frigo viliishika CFC-11 kwa mikono miwili. Tafauti ni moja: katika frigo gazi ilikaa miaka mingi, lakini katika matela ilitoka yote, nyingi yake siku ileile ya kutengenezwa, ikapanda hewani.

Kitanda cha kamba

Midgley hakuona hayo. Miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940 ilikuwa miaka yake ya kusifiwa. Alipewa medali ya Perkin mwaka wa 1937, medali ya Priestley mwaka wa 1941, medali ya Willard Gibbs mwaka wa 1942. Alikuwa na patenti zaidi ya mia moja. Mwaka wa 1944 alikuwa prezida wa Chama cha Wanakemia wa Marekani, yeye ambaye hakusomea kemia.

Lakini mwili ulikuwa umemuacha. Mwaka wa 1940, akiwa na miaka 51, polio ilimushika na miguu ikapooza. Kama fundi, alifanya kile fundi anafanya: alitengeneza mutambo. Alifunga kamba na pulii juu ya kitanda chake ili aweze kujiinua na kutoka kitandani bila kungojea mutu. Tarehe 2 Novemba 1944, nyumbani kwake Worthington karibu na Columbus, walimukuta amekufa, amenyongwa na kamba za mutambo wake mwenyewe. Alikuwa na miaka 55. Tangu siku ile watu wamebishana kama ilikuwa ajali ao kama alichoka na maisha ya kitanda. Kettering, rafiki yake mukubwa, aliandika maisha yake kwa sifa. Hakuna aliyesema neno juu ya ozoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua.

Deni lililokuja miaka 30 baadaye

Mwaka wa 1974, katika Chuo Kikuu cha California, muji wa Irvine, Sherwood Rowland na Mario Molina walijiuliza swali dogo: ikiwa gazi hizi haziungui, haziyeyuki katika mvua, hazishikani na kitu, basi zinaenda wapi? Jibu lilitisha. Zinapanda polepole mupaka juu sana. Kule miale ya jua inazivunja, klorini inatoka, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni mbele ya kutulia. Ile sifa iliyozifanya zipendwe, ya kutobadilika, ndiyo iliyozifanya kuwa hatari. CFC-11 inakaa hewani karibu miaka 50.

Viwanda vilibisha. Mwaka wa 1985, Waingereza watatu wenye kupima hewa ya Antaktika, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba kila mwaka, wakati jua linarudi kule, ozoni inapungua sana. Tarehe 16 Septemba 1987 mapatano yalitiwa sahihi Montréal. Kiisha muda, inchi zote za dunia ziliyakubali. Kongo yetu iliingia mwaka wa 1994, wakati ingali inaitwa Zaïre. Mwaka wa 1995, Rowland na Molina, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kubadilisha gazi si kama kubadilisha chumvi

Kusema acheni CFC ni rahisi. Kwa mwenye kiwanda cha sponji, swali lilikuwa: niweke nini pahali pake? Kila jibu lilikuja na shida yake.

Viwanda vingi vya matela vilichukua metileni kloridi. Ni ya bei ndogo na inachemka kwenye digri 40, lakini mivuke yake ni mibaya kwa mufanyakazi anayeivuta kila siku. Vingine vilinunua mashini za kuingiza gazi ya karboniki iliyoshindiliwa mupaka ikawa maji. Hiyo ni safi, lakini mashini yake ni ya feza nyingi. Vingine vilirudi kwa maji peke yake, na kujifunza upya namna ya kupima dawa na kupoza bloku.

Wenye frigo walienda njia ingine. Wengi walichukua kwanza HCFC-141b, yenye kuharibu ozoni karibu mara kumi chini ya CFC-11. Ilikuwa daraja tu, si kijiji cha kufikia, na hiyo pia ilipangiwa tarehe ya kuondoka. Ulaya ilichukua siklopentani. Hiyo haiharibu ozoni hata kidogo, lakini inawaka kama esansi. Kiwanda kinachoitumia kinapaswa kuwa na feni za nguvu, vyombo vya kunusa gazi, na umeme usiotoa cheche. Kwa kampuni kubwa si neno. Kwa kiwanda kidogo chenye wafanyakazi kumi, inaweza kuwa mwisho wa kazi. Ndiyo sababu mwaka wa 1990 mapatano ya Montréal yaliongezwa mufuko wa feza za kusaidia inchi zisizo tajiri kununua mashini na kufundisha mafundi. Inchi hizo, pamoja na Kongo, zilipewa mupaka tarehe 1 Januari 2010 kuacha CFC.

Kisha kukaja gazi za HFC, ambazo haziharibu ozoni lakini zinapasha dunia joto mara mamia ao maelfu kuliko gazi ya karboniki. Dunia ilikusanyika tena, safari hii karibu yetu kabisa. Tarehe 15 Oktoba 2016, Kigali, ngambo ya mupaka wetu, inchi zilipatana kupunguza HFC polepole. Gazi mupya zaidi, zenye kuitwa HFO, hazikai hewani muda murefu, lakini bei yake ingali juu.

Na kuna wale waliojaribu kudanganya. Mwaka wa 2018, wapimaji wa hewa walitangaza kwamba tangu 2012 CFC-11 ilikuwa inatoka tena duniani kwa wingi, wakati hakuna inchi iliyosema inaitengeneza. Mwaka uliofuata, utafiti ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka mashariki ya China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei. Kule, wachunguzi walikuta viwanda vya sponji vinaitumia kwa siri kwa sababu ya bei yake ndogo. Serkali ya China ilifunga na kuchunguza, na kufikia 2021 vipimo vilionyesha kwamba gazi imeshuka tena. Dunia ilijifunza kwamba hewa haina siri: gazi inayotoka kwa bomba ya usiku inaonekana kwa chombo kilicho juu ya mulima wa inchi ingine.

Hesabu ya maisha moja

Wataalamu wanasema kwamba tukishika mapatano, ozoni itarudi vile ilikuwa mwaka wa 1980: karibu 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika. Ni moja ya mara chache sana ambapo dunia nzima iliona kosa, ikakubali, ikalipa, na kosa likaanza kupona.

Kwa Midgley, hesabu iko na safu mbili. Upande wa gazi, hakuna mutu wa 1930 angeweza kujua. Alitaka familia zisikufe usiku kwa sababu ya frigo, na hilo alilifanikisha. Upande wa risasi, alijua. Mwili wake ulimwambia, wafanyakazi wa Bayway walimwambia, Alice Hamilton alisema mbele ya wote. Kosa la kutojua linaomba watu waendelee kupima baada ya kuuza. Kosa la kujua na kunyamaza linaomba kitu kingine: sheria, na watu wasioogopa kuuliza mwenye kiwanda.

Deni lake lingali pia karibu na milango yetu. Frigo nyingi zilizochakaa zenye kuletwa kutoka ngambo zingali na gazi za zamani, ndani ya bomba na ndani ya sponji ya ukuta. Fundi anayekata bomba na kuacha gazi iende zake, ao kijana anayechoma ukuta wa frigo ili apate chuma, anaachilia kile Midgley alifunga karibu miaka mia iliyopita. Fundi mwenye kujua kazi anavuta gazi kwa mashini na kuiweka katika chupa. Na sponji, ya frigo ao ya matela, isichomwe katika lupango: moshi wake una sumu, na wa kwanza kuivuta ni mutoto anayecheza pale karibu.